Aliyemwita Dada kwa Jina

Kwa wiki tatu, kila nikitoka kazini, nilikaa jikoni kwetu Queensbury, London, nikipanga safari ya kisiwa cha Krete, Ugiriki. Saa za basi, maji, hata dakika za kupumzika, vyote niliviweka kwenye jedwali. Dada yangu mkubwa, ambaye ni nesi, alinicheka. "Tunakwenda likizo au tunakwenda kufanya mtihani?" Sikuweza kujizuia. Nikikosea jambo dogo, silali.

Siku ya tatu kisiwani tuliingia hifadhi ya milimani. Ramani niliichora mwenyewe, nikaongeza njia ya mkato isiyo na alama yoyote. Saa tano asubuhi ukungu ukashuka. Dada alikuwa nyuma yangu kidogo, akiwapiga picha mbuzi. Nilipogeuka, hayupo.

"Dada!"

Niliita mara moja tu. Kengele za mbuzi zikanyamaza zote kwa pamoja. Dada hakuitika, na nilijua kwa nini. Tumelelewa Tanga, na mama alitufundisha kwamba ukiitwa porini na humwoni anayekuita, usiitike. Nikabaki pale pale. Chini yetu kulikuwa na korongo, na mimi ndiye niliyemleta huko.

Ukungu ulipopungua nilimwona amekaa juu ya jiwe, kakumbatia begi lake, hatua mbili kutoka ukingoni.

"Wewe mtoto huna adabu," alisema. "Tangu lini unaniita kwa jina?"

Sijawahi kumwita kwa jina. Tangu nijue kusema, yeye ni Dada.

"Na kule chini korongoni ulifuata nini? Umeita, umeita, nusura nishuke!"

Sikuwa nimeshuka popote.

"Nisamehe, Dada," nikasema. "Nilishikwa na hofu."

Nilijiambia kwamba nikisema kweli, miguu itamwishia nguvu kabla hatujafika barabarani. Lakini nakiri pia kwamba sikutaka siku yangu iharibiwe na kitu nisichoweza kukieleza.

Tulirudi London salama, na bado sijamwambia. Siku hizi anacheka. "Mama alitutisha bure. Kumbe ulikuwa wewe!"

Jumapili iliyopita nilikuwa jikoni peke yangu, nakausha vyombo. Nikamsikia Dada kutoka chumbani kwake, sauti imechangamka kabisa:

"Ee, nakuja!"

Sikuwa nimefungua mdomo.