Tochi ya Baba na Vimondo vya Desemba

Nyumbani kwetu Tandale, mtu akidanganya tulikuwa tunamwambia, "Hizo sasa ni nyota za baba." Kaka akichelewa kurudi na kusingizia foleni, nyota za baba. Mpangaji akiapa kuhama mwisho wa mwezi, nyota za baba. Mama ndiye aliyeuanzisha msemo huo, na mimi ndiye niliyeucheka kuliko wote.

Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye yadi ya mbao. Asubuhi moja ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, alirudi na tochi yake tu; koti na rungu vilikuwa vimebaki kwa tajiri wake, mwenye yadi. Alisema usiku ule nyota zilikuwa zinadondoka moja baada ya nyingine mpaka akaacha kuzihesabu, akaenda kumwamsha tajiri naye aje aone. Tajiri alipotoka nje, mawingu yalishafunga. Akasema mlinzi mlevi hamtaki, akamfukuza palepale. Baba yangu huyu ambaye hata togwa ikichacha kidogo haigusi! Mama, mwenye watoto wanne na debe la unga lililobaki vumbi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele yetu sote, "Mume wangu, kama ulilala lindoni si useme tu."

Baba hakubishana. Alikwenda kubeba magunia sokoni, na habari za angani hakuzitaja tena.

Mimi nikakua, nikawa mpiga picha wa harusi. Juzijuzi tu, kwenye kundi letu la wapiga picha la kwenye simu, mtu alituma picha ya anga lililochanwachanwa na mistari ya mwanga. Chini yake aliandika kwamba ni vimondo, na kwamba kila mwaka katikati ya Desemba dunia hupita kwenye vumbi lile lile, vikamwagika. Kila mwaka! Niliruka kitandani kama niliyeumwa na siafu. Desemba, usiku wa manane, moja baada ya nyingine. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaona aibu kubwa. Yule tajiri alishafariki siku nyingi. Waliobaki kumwita baba muongo tulikuwa sisi.

Nikaapa kwamba mwaka huo baba ataviona, na nitavipiga picha ili asitokee tena wa kumbishia.

Nina kiwanja Chamazi. Nyumba yenyewe bado ni msingi tu, na nguzo za umeme hazijafika, jambo ambalo nililalamikia kwa miaka miwili na usiku ule nikalishukuru. Tulikwenda kwa bajaji ya kukodi: mimi na kamera ya harusi na stendi yake ya miguu mitatu, baba na tochi yake ya zamani, na mama na chupa ya chai. Mama hakualikwa. Alisema hawezi kuwaacha watu wawili wasio na akili wakaibiwe porini.

"Na vimondo ni vya kumpiga shetani," alinionya. "Havipigwi picha."

"Basi mie nilikuwa shahidi," baba akamjibu taratibu. Mama akalala kwenye mkeka juu ya msingi, akajifunika khanga gubigubi kwa sababu ya mbu.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na saa saba usiku anga lilikuwa bado limefunga. Niliizunguka kamera kama kuku anayetaka kutaga. Baba alikaa na tochi magotini, akitazama mawingu, na subira yake ilinitesa. Nikawaza: itakuwa yale yale, nimemtoa mzee kitandani nije kumwaibisha mara ya pili.

Kwenye saa nane upepo ukageuka, mawingu yakaanza kupasuka. Niliipa mgongo mianga ya mjini, nikaelekeza kamera kusini kwenye giza, nikaiweka iwe inafungua jicho sekunde ishirini kwa kila picha. Haikupita hata dakika, mstari mweupe ukakata anga.

"Baba! Umeona?"

Baba alishasimama. Na alishawasha tochi, ameielekeza juu kule kimondo kilikopita, kama mtu aliyesikia geti likigongwa.

"Zima, baba! Unaniharibia picha!"

"Samahani, mwanangu. Mkono umezoea."

Kikaja cha pili, tochi ikawaka. Cha tatu, tochi. Kila kilichodondoka alikimulika, na kila picha yangu ikawa na mkuki wa mwanga wa tochi katikati. Nilikuwa nacheka na kugomba kwa wakati mmoja. Baba naye, ambaye sijawahi kumsikia akipiga kelele, alikuwa anaita kwa sauti, "Kingine! Kile pale kingine!"

Ndipo kikaja kikubwa. Kilishuka polepole, rangi ya kijani, kikaumulika msingi wote hadi nikaona kivuli changu kwenye zege. Nilipiga ukelele. Jicho la kamera lilipofunga niliinamia kioo, na kilikuwemo: kimondo chote tangu mwanzo hadi mwisho, na chini yake tochi ya baba ikikifuata. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga maishani.

"Nimekipata! Baba, nimekipata!"

Baba alikuwa anatazama mkekani. Nilipogeuka nilimwona mama ameketi, khanga imemwangukia mabegani. Ule mwanga ulimpenya kwenye kitambaa. Alikuwa anatazama juu, na mbele ya macho yake vikapita viwili vingine, vidogo.

"Mume wangu," akasema, "nilikwambia ulilala."

"Ni siku nyingi hizo."

"Nilikwambia mbele ya watoto. Na huyu mtoto yupo hapa, acha asikie." "Nisamehe. Hukulala."

Baba alizima tochi, bila ya kuambiwa na mtu. Akaketi kwenye mkeka, akasogea ukingoni kumpa mama nafasi.

"Njoo huku, ndiko vinakoonekana vizuri," alimwambia. "Usiku ule nilitaka uvione wewe. Nilimwamsha yule tajiri kwa sababu sikuwa na mwingine."

Mama akasogea. Mimi nilibaki nimesimama kando ya kamera, vimondo vinapita, wala sikukumbuka kupiga.