Kambi Wawili Kwenye Skrini Moja

Emily Kahonzi wa Muyeye hakuwa mtu wa kulialia, lakini asubuhi ile, ndani ya duka la miwani la Bi Janki mjini Malindi, machozi yalimlengalenga. Programu aliyoiandika kwa miezi minane, ya kutunza vipimo vya macho vya wateja, ilikuwa ikimwaibisha mchana kweupe. Bi Janki alikwisha kuliteremsha sanduku la kadi za karatasi, zile za enzi za baba mkwe wake, marehemu Tribhovan, na kuliweka juu ya kaunta.

"Emily, mwanangu, sina ugomvi nawe," alisema. "Lakini skrini yako imenifanya nimpe mzee wa watu miwani isiyo yake. Adhuhuri ikifika haijatengemaa, narudi kwenye kadi zangu."

Na mzee mwenyewe huyo hapo kwenye benchi: Kambi Kahindi, fundi cherehani wa Kakuyuni, miwani mkononi. Wiki nzima hajashona. Akiivaa, minazi ya ng'ambo ya barabara aiona sawasawa, ila tundu la sindano halioni ng'o.

"Nami sishoni minazi," alisema.

Emily alikagua data mstari kwa mstari. Vipimo vya mzee vimo, tena sahihi. Sasa kwa nini skrini ilete vingine? Kule nyumbani aliijaribu mara mia, haikukosea hata mara moja. Kazi ya hoteli alikwisha kuiacha kwa ajili ya programu hii, na ikikataliwa hapa, hana pengine pa kuipeleka.

"Shikamoo, tsawe," alimgeukia mzee, akimwita babu kwa Kigiriama. "Hebu njoo tuangalie pamoja."

"Marahaba. Nasikia waitwa Kahonzi. Ni jina la bibi yako?"

"Naam, mamake baba."

"Vyema. Mimi nami nina mjukuu aliyechukua langu. Kambi Kahindi, vile vile nilivyo. Ni dereva, mambo ya mbali yamsumbua. Tulikuja kupimwa siku moja."

Emily akashuka kwenye orodha, na kweli: Kambi Kahindi wawili, mmoja chini ya mwingine. Akabofya wa pili. Alama ya kuchagua ikaruka, ikamkalia wa kwanza. Akabofya tena. Wa kwanza!

"Loo! Mjinga mimi!"

Alikuwa ameiunganisha orodha na vipimo kwa jina la mteja, badala ya nambari ya kadi. Skrini ikiitishwa Kambi Kahindi, ilimchukua wa kwanza iliyekutana naye, ikaridhika. Na kule nyumbani alijaribu kwa watu wa kubuni: Mteja wa Kwanza, Mteja wa Pili, Mteja wa Tatu. Hata wawili hawakufanana! Yeye, Mgiriama, ambaye kwao kuna Kahonzi watatu, ati amesahau kwamba mjukuu hubeba jina la babu. Huko ndiko kusahau ulikotoka kabisa.

Hakungoja. Akabadilisha mistari minne, akaiwasha programu upya, akabofya wa pili. Vipimo vya fundi cherehani vikaja. Akabofya wa kwanza, vikaja vya dereva. Alirudia mara ishirini, akicheka peke yake, na Bi Janki akaenda kutafuta lenzi zilizo sawa.

Lenzi zilipokwisha kutiwa kwenye fremu, mzee aliivaa miwani, akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akatunga uzi mara moja tu. Kisha, bila kuombwa, akauvuta mkoba wa kompyuta wa Emily, uliokatika mkanda, akaanza kuushona.

"Emily," Bi Janki alisema, "nirudishie sanduku hili stoo. Na jioni nitampigia shemeji yangu mwenye duka la miwani Kilifi, naye aione programu yako."

Emily alilikumbatia sanduku kwa furaha. Mzee akainua uso, akaitazama skrini.

"Huyu wa pili ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, tsawe."

"Basi usinitoe tena hapo."