Mti Nilioukasirikia Mara Mbili

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya unene wa miti. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepima miti sitini katika msitu wa kando ya Mto Tana, kusini mwa mji wa Garissa, na kila mti nikaupiga namba na X ya rangi nyekundu mahali nilipozungushia utepe. Chuo kilinitaka nirudi kuipima ileile, nione imenenepa kiasi gani na twiga wameila kiasi gani. Bila kipimo cha pili, karatasi za kile cha kwanza zingefungiwa maandazi, na shahada ningeisikia kwa wenzangu. Mama, hapa kwetu Kimilili, aliniuliza kama miti hiyo ingekimbia nikichelewa. Nilicheka sana.

Asubuhi ya safari nilinunua kopo jipya la rangi nyekundu kwenye duka la stejini, ile inayoonekana hata na aliyesahau miwani, nikapanda basi la Nairobi.

Kesho yake, katika basi la Garissa, tulipoupita mji wa Mwingi, vilima viliisha na joto likaingia basini bila hodi. Kwenye daraja la Garissa tuliteremshwa sote, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena. Ng'ambo alinisubiri Bishaar, dereva wangu na mkalimani wangu.

"Karibu, daktari wa mafi!" alipaza sauti mbele ya abiria wote. Ni kweli, kazi yangu ya pili ni kuhesabu mavi ya twiga. Bishaar hajawahi kunisamehe kwa kusoma miaka yote ile kisha nikaja kufanya hivyo.

Siku ya tatu, alfajiri, tulifuata mto tukipenya vichaka vya miba vya mathenge hadi boma la Edo Habiba. Edo ni shangazi kwa Kisomali, na mwanamke wa rika lake huwezi kumwita vingine. Ni mjane mwenye ngamia, na msitu wangu unaanzia mgongoni mwa boma lake.

"Nabad?" aliniuliza. Kuna amani?

"Nabad, Edo."

Huko mgeni hutoa habari kwanza. Ametoka wapi, mvua imenyesha wapi, nani anaumwa, amekuja kutafuta nini. Habari hizo huchukua vikombe viwili vya chai ya maziwa ya ngamia. Mimi, kama mwaka uliopita, nilikunywa nusu kikombe, nikatazama saa, nikashika njia ya msituni.

Saa mbili asubuhi nilikuwa katikati ya miti, na hapakuwa na namba hata moja. Magome yalikuwa yamekwaruzwa kwa mawe, kisha yakapakwa tope. Kifaa changu cha setilaiti kilinifikisha karibu, lakini kilikosea hatua kumi, na ndani ya hatua kumi kulikuwa na miti sita. Niliketi chini nikalia, tena kwa sauti, hata ngedere wakanyamaza.

Bishaar alikwenda kumwita Edo Habiba.

"Edo, nani amefuta alama zangu?"

"Mimi," alisema bila kupepesa macho. "Mimi na wanawake wa boma. Siku tatu."

"Kwa nini?"

"Duka ya dada yangu Garissa waliandika X nyekundu. Tingatinga ikakuja, duka ikalala chini. Wewe ukakuja, ukaandika miti yote X, ukaenda. Chai hukumaliza. Habari hukutoa. Mimi nifikirie nini?"

Bishaar aliangalia mawingu, ingawa hayakuwepo.

"Unataka miti yako?" Edo aliuliza.

"Naitaka, Edo."

"Njoo, abaayo."

Aliponiita dada nilifuta machozi, nikamfuata. Mtu anayetambua ngamia wake kwa nyayo, miti sitini kwake ni mchezo. "Chini ya huyu binti yangu Dekha alizaliwa." Nikapima: aina ileile ya daftarini, unene umezidi kidogo. "Chini ya huyu ngamia wangu alifunja mguu." Nikapima, sawa. "Huyu twiga wanabenda." Sawa, na mavi ya kutosha pale chini. Twiga mwenyewe alitutazama juu ya matawi, kama jirani anayechungulia ua.

Alasiri tulikuwa na miti hamsini na tisa. Wa sitini ulikuwa namba arobaini na moja, nao haukuonekana.

"Basi huo umekatwa," nilisema.

Edo Habiba alisimama. "Mti mzima sisi hatukati. Tunakata tawi, mbuzi wale. Soma hiyo karatasi yako tena."

Nilisoma. Arobaini na moja: mareer, kama Wasomali wauitavyo mti huo, umeinamia mto, una kiota cha tai. Nikarudi nyuma kurasa mbili. Ishirini na tatu: mareer, umeinamia mto, una kiota cha tai. Mwaka uliopita mti huohuo niliupima asubuhi upande mmoja, na jioni upande wa pili.

"Huyo alikuwa na X mbili," alisema Edo. "Nilikwaruza mbaka mkono ikauma. Nikasema, huyu mti amefanyia hawa watu nini? Wamemkasirikia mara mbili!"

Bishaar alicheka hadi akakaa chini. Nilimwomba Edo msamaha. Alisema amenisamehe, ila chai nitamaliza.

Jioni ile nilimaliza vikombe vitatu, nikatoa habari zote: mama, mahindi ya Kimilili, na kwa nini mti upimwe. Kesho yake kopo langu la rangi nyekundu halikufunguliwa. Kwa chokaa nyeupe Edo alichora alama anayowatia ngamia wake, mistari miwili na nukta, juu ya miti yote hamsini na tisa. Mwakani hakuna atakayeigusa. Mwalimu wangu akiuliza mti wa sitini uko wapi, nitamwambia ukweli.

Siku mbili baadaye nilishuka kwenye steji ya Kimilili. Kibanda cha Mzee Wekesa, fundi viatu, kina X nyekundu mlangoni. Ilikuwepo nilipoondoka, tena duka nililonunua rangi linatazamana nayo. Nimeipita miaka miwili nikiwaza safari zangu.

"Mzee, walisema watakuja lini?" nilimuuliza.

"Hawakusema, binti yangu. Waliandika tu wakaenda."

Nikamwambia mtu wa bodaboda aliyetaka kunipeleka nyumbani aniache, nikaketi kwenye benchi la Mzee Wekesa, nikaagiza chai mbili.