Kodi ya Uwanja

Baba yangu alikuwa na nyumba yenye bomba la maji uani. Nyumba hiyo ilikuwa Mombasa. Sisi wanawe tulikulia nje kidogo ya Mkunya, huko Newala, tukioga maji ya kikombe, na mama aliyetuogesha alikuwa ameyabeba kichwani kutoka bondeni. Nimezeeka sasa, na watu huniambia nisamehe, marehemu hasemwi vibaya. Mimi nasema marehemu asemwe alivyokuwa.

Ambaye hakukulia juu ya uwanda wetu hajui maana ya bati. Kwingine bati ni fahari. Huku lilikuwa kisima. Mchanga wetu unameza mvua yote, chemchemi ziko chini kabisa ya mteremko, na enzi hizo bomba la serikali liliishia mjini Newala, na pampu yake iliharibika kila kukicha. Mwenye nyumba ya nyasi, mvua ilimlowesha ikaenda zake. Mwenye bati aliweka mfereji kwenye upenu na tangi la saruji chini yake, akalifunga kwa kufuli, na mkewe akalala mpaka jua likachomoza. Mama aliteremka alfajiri na ngata na debe lake, akarudi juu jua likiwa la utosi. Na maji yenyewe yalikuwa ya rangi ya majivu.

Baba alimwahidi bati. Uhuru ulikuwa bado mbichi, korosho zilikuwa na bei, na mikorosho aliyoipanda alipomwoa mama ilikuwa imeshika kuzaa. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mama, maana kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na mjomba wetu ndiye aliyemkatia baba sehemu ya kulima. Lakini mti ni wa aliyeupanda. Hata mkikosana na mwenye ardhi, hathubutu kuigusa mikorosho yako. Msimu ule mama aliokota korosho mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mahali pa kujengea tangi alishapachagua, akapazungushia mawe.

Korosho zilipouzwa, baba alipanda lori la Mtwara akisema anakwenda kununua bati. Akapotea masika yote. Aliporudi alikuwa na kofia mpya na ufunguo mkubwa unaning'inia shingoni kwa kamba.

"Shikamoo, baba," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mtazameni baba yenu. Huyu ni mwenye nyumba!"

Ujanani alikuwa kuli wa bandari huko Mombasa, zamani zile za Mwingereza, wakati mtu wa Newala alikwenda Kenya bila kuulizwa anatoka wapi. Sasa Kenya ilikuwa nchi ya watu, na baba alikwenda huko kama mgeni, na fedha za bati letu mfukoni, akanunua nyumba ya kupangisha pale Majengo. Vyumba vitatu upande huu wa ukumbi, vitatu upande ule, uani choo na bomba. Alivisimulia vyumba hivyo mpaka nikavijua rangi.

"Na bati?" mama aliuliza.

"Bati lipo. Nyumba nzima imeezekwa bati."

"La hapa nauliza."

"Hapa! Mreno anapigana ng'ambo ya Ruvuma, ndege zake zinatufikia. Nikuezekee bati ling'ae rubani alione?"

Hofu hiyo haikuwa ya uongo. Wakimbizi walikuwa wakipita kwetu na mikeka yao, na shuleni tulifundishwa kulala kifudifudi kwenye mihogo tukisikia mngurumo. Lakini jirani yetu mwenye bati alilipaka matope, akaendelea kunywa maji yake.

Kisha likatoka jingine. Nyumba ilikuwa ya baba, lakini uwanja iliposimama haukuwa wake. Ulikuwa wa bwana mmoja wa hukohuko Mombasa, na baba alipaswa kumlipa kodi ya uwanja kila mwezi. Mama alidhani amesikia vibaya.

"Umenunua nyumba isiyo na ardhi?"

"Si kama mikorosho yangu? Ardhi ya kaka yako, miti yangu. Kuna aliyeigusa?"

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, baba watoto," mama alisema, akachukua debe lake akaondoka.

Mjomba hakuwa mtu wa kuondoka hivyo. Alikuja kesho yake, akakaa, akakataa hata uji.

"Shemeji, ulituomba mke au punda?"

Baba alizunguka kwa ndege za Mreno, akazunguka kwa bei ya saruji, na mjomba hakumwachia. Mwishowe likamtoka lile la moyoni: "Nijenge bati juu ya ardhi yenu, halafu siku mkinifukuza niondoke na nini?"

"Na bati lako. Bati hubebeka." Mjomba alisimama. "Sisi tumekupa ardhi bila kukutoza kitu, unatuogopa. Yule anakutoza kila mwezi, unamwamini. Haya."

Nilikuwa mlangoni na nilisikia yote. Hasira yangu ilianzia pale, wala haijapoa. Angekuwa mjinga ningemhurumia. Lakini alikuwa na akili, na akili yote hiyo aliitumia kukwepa kumtua mkewe debe.

Kodi ilikusanywa na mpangaji wa chumba cha mbele, rafiki yake wa bandarini. Kilichotufikia ni redio, viatu vya baba, na kanga moja ambayo mama aliikunja akaifanya ngata. Kuna mwaka wapangaji walichelewesha kodi, na baba akauza korosho kulipa bili ya maji yao. Narudia, maana hata leo naona kama nimeota: korosho alizoinamia mama zililipia maji ya bomba ya watu wa Mombasa. Kule kwenye mteremko wanawake wenzake walimtania: "Mpisheni Mama Mombasa, asije akamwaga maji ya bomba!" Naye alicheka. Mimi nilitamani kuwarushia mawe.

Ikaja zamu ya vijiji vya ujamaa. Tulihamishwa sote tukapangwa kando ya barabara, nyumba zetu zikabomolewa, mikorosho tukaiacha imezama kwenye majani. Wengine walilia. Baba alitamba: "Mnaona? Tangi lingebaki porini!" Na mawe ya mama yalibaki porini kweli.

Wakati huo baba alikuwa amechaguliwa balozi wa nyumba kumi, na chama kilikuwa kimekwisha kusema kwamba kiongozi hawezi kuwa na nyumba ya kupangisha. Siku moja wakaja wageni kutoka Masasi, ukafanyika mkutano, na baba akasimama kuwachangamsha watu.

"Anayekula kodi ya mwenzake ni nani?"

"Kupe!" kijiji kikaitikia.

"Tumfanyeje?"

"Mirija ikatwe!"

Mama alikuwa amesimama pembeni na maji ya wageni, yaleyale ya bondeni. Mgeni mmoja alikunywa kata nzima, akasifu, akaomba nyingine. Baba aliendelea kukata mirija. Jioni alituita akatuambia kuanzia siku hiyo neno Mombasa lisitajwe nyumbani kwake. Kwa hiyo mama akanyang'anywa hata ile nafasi ya kulalamika. Ningekuwa mkubwa kidogo ningesimama palepale mkutanoni nikamtaja.

Nilipokuwa mkubwa nilikuwa muuguzi katika hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Kiangazi kimoja walimleta mama kwa lori. Aliteleza akipanda mteremko, nyonga ikavunjika. Aliponiona hakuniambia anaumwa. Aliniuliza, "Leo maji kateka nani?"

Baba alikuja kumtazama, redio yake kwapani. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa wakati huo, hakuna kodi iliyopita wala mtu. "Ukifunguliwa tu," akasema, "nauza, namjengea mama yako." Nilimwambia atoke, wodi ilikuwa inapigwa deki. Haikuwa inapigwa deki.

Mpaka ulipofunguliwa macho ya baba yalikuwa yamefifia, mama anatembelea mkongojo. Baba akanikabidhi ufunguo niende mimi kuiuza nyumba. Nilikwenda kwa hasira, sidai kwamba ulikuwa utiifu. Ukumbi niliukuta kama alivyousimulia, na wapangaji walikuwa watu wa adabu, wakanikaribisha chai. Uani, mama mmoja alikuwa anaosha mchele huku anapiga soga na mwenzake, na bomba limefunguka, maji yanatiririka yanaingia mchangani. Sikuweza kuvumilia. Nilinyoosha mkono nikalifunga.

Yule mpangaji wa chumba cha mbele, mzee sasa, aliniambia habari yenyewe. Mwenye uwanja alikuwa amekufa, wanawe wanataka kujenga ghorofa, na nyumba zote zilizo juu ya uwanja wao ziondoke. Nilimfuata mmoja wao dukani kwake, nikamwambia nyumba ile ni ya baba yangu, aliinunua kwa fedha halali.

"Sina ugomvi na nyumba yenu, dada," akajibu kwa upole kabisa. "Ichukueni."

Ndipo nikamkumbuka mjomba. Nikatafuta fundi, tukaezua mabati. Yaliyooza tukayaacha, yaliyobaki nikayafunga kwa kamba na kuyapandisha kwenye lori la Tanga. Mpakani, afisa wa forodha alitazama kutu ile akaniuliza ninaingiza mali gani. Nikamjibu: nyumba.

Wakati huo vijiji vilikuwa vimelegea, na mama alikuwa amerudi kwenye mahame yao, karibu na ile mikorosho. Mjomba aliwakatia tena mahali, na baba akamfuata mkewe, maana mahali pengine hakuwa napo. Tuliezeka nyumba ya mama kwa bati lile, matundu ya misumari tukayaziba kwa lami. Saruji haikupatikana. Tukaweka pipa, juu ya mawe yaleyale aliyoyapanga zamani.

Mvua ya kwanza ilipiga kwa kishindo. Tulikaa barazani tukitazama pipa linavyojaa.

"Mnaona?" Baba alikuwa ananyoosha kikombe. "Nyumba yangu imewafikia. Nilijua itawafaa!"

Nilitaka kumsukuma mvuani, mzee vile vile alivyo. Mama alinitazama, nikatulia. Aliinuka kwa mkongojo wake, akachota, akamjazia kikombe mpaka juu, akamsubiri anywe amalize. Kisha akaingia ndani, akatoka na debe na ngata, akaviweka mapajani mwa baba.

"Bati ni lako, baba watoto," alisema. "Lakini uwanja ni wa kaka yangu. Pipa likikauka, kodi ya uwanja utaileta kutoka bondeni. Nangu, mimi hapa, nimeshalipa ya kwangu."

Baba akacheka. Akageuza uso kwetu mmoja mmoja, akisubiri tucheke naye. Hakuna aliyecheka.