Filomena wa Matombo, Aliyebisha Hodi Kwenye Ukungu

Alizaliwa mwaka 1938 kwenye mteremko mmoja wa Matombo, milimani Uluguru, wakati wa masika, mawingu yaliposhuka hadi migombani na kuingia ndani kwa mlango uliokuwa wazi. Mama yake alisimulia kwamba mtoto hakulia, aliyatazama tu. Alipokuwa msichana alitamani utawa, lakini dada ya mama yake alipofuka, Filomena akabaki kumtunza. Kwa kuishi na asiyeona alijifunza kujiuliza, kabla ya kusema au kugusa, jambo hilo litampataje mwenzake. Huo ndio uliokuwa wito wake, na hakupata mwingine.

Mwaka 1994 viwanda vya mjini vilikuwa vikiuzwa na watu wakipunguzwa kazini. Severin, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo, alikuja ukweni kwa mkewe Magreth na binti yao Angelina, akasema yuko likizo. Huku ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume aliyeoa hana mgomba wa kuuita wake. Miezi ikapita. Wanawake mtoni wakamtania: "Shemeji, likizo gani hii, mpaka viatu vya kazini vimeota kuvu?" Alicheka nao, na usiku hakulala.

Jumuiya ya kanisa pale kijijini ikaamua kumsaidia kama ilivyozoea: maandamano, ngoma, vikapu vya ndizi na mchele hadi mlangoni. Filomena alikataa. "Msimvue mtu nguo ili mumvishe," alisema. Mwenyekiti, Laurenti, akajibu, "Kwani mama, sadaka nayo inapelekwa kwa kunyata?" Wakacheka, wakaenda. Ngoma ilipofika mbele ya nyumba, Severin alitokea mlango wa nyuma, akapanda msituni. Magreth akapiga yowe: kamba ya mbuzi haipo.

Wanaume walimfuata wakiita jina lake, naye akazidi kupanda. Filomena akawaambia wanyamaze, warudi. Alipanda peke yake ndani ya ukungu mweupe, miti ikitokea na kupotea, asijue kama anatembea au anaelea. Aliposikia mtu akihema, alisimama.

"Hodi, baba Angelina."

"Huku hakuna nyumba, mama."

"Ulipo ndipo kwako. Nangoja kukaribishwa."

Mvua ikanyesha, ikakatika. Hakusogea.

"Karibu," sauti ikasema mwishowe. "Shikamoo."

"Marahaba." Hakumuuliza kitu. Alisema migomba yake inaanguka kwa kukosa miti ya kuiegemeza, wala hana wa kumsaidia. "Hiyo kamba itatufaa kufungia." Wakashuka kwa njia isiyopita kwa watu.

Filomena alifariki mwaka 1999 kwa homa ya mapafu. Siku ya mazishi wingu lilishuka makaburini, kila mmoja akalia bila kuonwa na mwenzake, na wapo wanaouita huo muujiza. Sawa. Lakini Severin naye alikuwepo, mzima, ameshika jembe, watoto wake nyuma yake. Jumuiya ile bado inatoa vikapu, ila kwanza huenda mtu mmoja, mikono mitupu, kuuliza. Anayetaka kumuiga Filomena asingoje kutokewa na malaika. Aende kwa jirani, aulize, asikilize jibu. Na akiambiwa si leo, arudi nyumbani bila kununa.