Saa ya Mraba na Mgeni wa Mchana

Cheka ukitaka, nimezoea kuchekwa. Lakini jambo hili lilinifika mimi mwenyewe, hapa Changamwe, mchana kweupe, nikiwa sijaonja hata funda moja la tembo. Na lisingenifika, leo mke wangu Kadzo angekuwa anampikia mwanamume mwingine.

Ilikuwa miaka ile ya vita vya dunia. Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye karakana moja, kijana mwenye mikono mizuri na mfuko mtupu. Kadzo alikuwa binti wa Kisauni. Nilimpenda, naye alinipenda. Shida ilikuwa baba yake, mzee wa kanisa na mpiga kengele. Nilipotuma wazee wampelekee kadzama, kile kibuyu cha tembo cha kuposea kama ilivyo desturi yetu, alikirudisha.

"Mimi tembo sinywi," akasema. "Mwambieni aniletee saa ya mkono. Iwe ya mraba, kama ile ya Mzungu, mhandisi wa karakana yao."

Saa ile tuliijua sote. Ilikuwa ya dhahabu, nyembamba, ina namba za Kirumi na mishale ya buluu. Hata wakati wa amani nisingeipata, sembuse vitani, meli zikileta mizinga tu! Tena kulikuwa na karani mmoja wa bandarini aliyekuwa akimtaka Kadzo huyo huyo. Mzee akasema atampokea karani Jumapili baada ya ibada, iwapo mimi sitakuwa nimeileta saa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama kweli, mpaka mgongo ukaniuma. Baharia mmoja rafiki yangu alinipa saa yake iliyokufa kwa maji ya chumvi, nikatoa mashine yake na kuisafisha. Kasha nililikata kwenye kipande cha shaba, nikalipiga tupa mpaka likawa mraba. Namba nilizichora kwa sindano na masizi. Mishale niliichoma taratibu mpaka chuma chenyewe kikageuka buluu. Kioo nilikikata kutoka kwenye fremu ya picha ya harusi ya dada yangu, na dada mpaka leo hajanisamehe.

Kwa nje ilipendeza. Kwa ndani ilikuwa maiti. Kamani yake ndogo, ile nyembamba kama unywele inayofanya saa ipumue, ilikuwa imeliwa na kutu ikakatika. Nilizunguka kwa mafundi wote wa mjini. Hakuna aliyekuwa nayo.

Jumamosi wenzangu walitoka mapema. Nilibaki peke yangu kwenye kibanda cha karakana, jua liko utosini, nikijaribu kuunga kile kisichoungika. Machozi yalikuwa yananilenga, sioni haya kusema. Mara nikasikia, "Hodi."

Sisi tulilelewa tukiambiwa kwamba hodi ya binadamu ni tatu. Ya kwanza usiiitikie, hasa mchana wa jua kali, maana hujui ni nani anayeita. Lakini mimi nilikuwa na kioo cha kukuzia jichoni na akili yangu iko kwa Kadzo. Nikajibu, "Karibu!" Nikishamkaribisha, nimfukuze vipi?

Aliingia mzee mwenye kanzu ya rangi ya majivu na ndevu ndefu nyeupe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji."

Nikainuka kumchotea. Hapo ndipo nilipokiona kivuli chake. Jua likiwa utosini kivuli cha mtu hukaa chini ya nyayo zake, sivyo? Cha kwake kilikuwa kirefu, kimelala sakafuni mpaka ukutani, kama cha mtu anayetembea jua likizama. Nikaijaza kata huku nimekikodolea macho. Lakini mgeni ni mgeni. Nikampa kwa mikono miwili.

Akanywa, akanirudishia kata, akaitazama saa yangu mezani.

"Haipumui," akasema.

"Haipumui, babu. Na isipopumua, kesho mchumba wangu anachukuliwa."

Akang'oa unywele mmoja ndevuni, akauzungushia ncha ya kidole, akauweka mahali pa kamani. Wallahi, nilisikia tik, tik, tik, na moyo wangu ukaanza kwenda nayo.

"Mgongo wake usifunguliwe," akasema. "Siku ukifunguliwa, nitajua sihitajiki tena."

Niliiweka sikioni, nikacheka peke yangu kama mwehu. Nilipoinua macho nimshukuru, hakuwapo. Nilikimbia mpaka njiani. Njia nzima nyeupe kwa jua, hakuna mtu.

Jumapili nilifika Kisauni kabla ya ibada. Baba yake Kadzo aliisikiliza saa kwa muda mrefu.

"Niliitaka saa ili ushindwe," akasema mwishowe. "Lakini neno nilishalitoa mbele ya wazee. Binti ni wako."

Akapiga kengele kwa saa ile mpaka uzeeni, na haikupoteza hata dakika. Alipokuwa kitandani mara ya mwisho, aliniita akanirudishia, akaniuliza ina nini ndani. Nikamweleza yote, nikingoja anikemee, maana hakupenda habari za majini na mashetani. Akanishika mkono.

"Ukimwona tena, mshukuru na kwa niaba yangu. Mimi nilitaka kukunyima, yeye akanipa wajukuu."

Sijamwona tena. Namshukuru hivyo hivyo, kwa sauti, hata watu wakidhani nimeanza kuchakaa akili.

Nawe unayenisikiliza, ukipigiwa hodi moja mchana, inua macho kabla ya kusema karibu, maana si wote wanaokuja kutengeneza. Na kama wewe ni fundi, siku moja nitakapokuwa sipo ukaletewa saa ya mraba ya shaba, ibadilishe mkanda, ibadilishe hata kioo. Mgongo usiufungue, tafadhali. Mle ndani mna ndoa yangu.