Pilau ya Raundi ya Kwanza

Zabibu binti Ameir hajui kushukuru kidogo. Watu wa Tanga, husema mwenyewe, wakijaaliwa kibaba hupika pishi. Kwa hiyo siku wasichana wa chuo cha ufundi anachosoma bintiye Nasra walipoifunga timu ya chuo kikuu kile chenye basi lake na madaktari wake wa misuli, bao moja kwa sifuri, hakuuliza mengi. Simu ya Nasra ilimkuta sokoni Newtown, huku ugenini kusini, mezani kwake, akiuza sambusa. Akasikia wasichana wakilia na kuimba, na vuvuzela juu yao. Furaha ya namna ile, akaona, ni ya kombe. Hapo hapo akaagiza nyama.

Tena alikuwa na sababu nyingine ya kufurahi, na hakuificha. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na mwanzoni mwa mwaka walikubaliana kwamba Nasra acheze mpaka mashindano yaishe, kisha aachane na mpira, arudi mezani. Zabibu hakuwa na chuki na mpira. Hakuwahi kuutazama, basi. Ila mikono yake haitoshi, na mtoto wa pekee aliyejaaliwa, siku anayohitajiwa hasa, yumo golini anarukaruka. Sasa yameisha, tena kwa heshima. Akapika pilau ya kuliaga goli.

Jumapili majirani wa jengo lao la Yeoville walijaa sebuleni. Dua ikasomwa, watu wakala. Célestine, mshonaji kutoka Bukavu mwenye meza jirani na yake sokoni, alikuwa kwenye sahani ya pili alipouliza mechi inayofuata ni lini. Zabibu akamcheka, akamwambia mechi gani tena, na kombe limeshachukuliwa. Célestine akaweka kijiko chini.

"Kombe gani, Mama Nasra? Ile ilikuwa ya kwanza tu. Zingine ziko zinakuya."

Wageni wakacheka mpaka wengine wakapaliwa. Zabibu naye alicheka, maana angefanya nini na pilau imeshaliwa? Lakini Nasra hakucheka. Alipoulizwa kwa nini hakusema mapema, alijibu polepole, kwa Kiingereza chake, kwamba aliona sufuria inainjikwa akaogopa, kwa kuwa alijua mama anafurahia nini. Hilo lilimchoma Zabibu, na usiku hakuufurahia hata ukoko wa sufuria anaoupenda.

Jumamosi iliyofuata alimwachia Célestine meza, akaenda uwanjani. Ungemuuliza, angekwambia anakwenda kuuona huo mwisho kwa macho yake. Nao haukuchelewa. Wasichana walikuwa wamesifiwa wiki nzima, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walifungwa manne, wakatolewa mashindanoni.

Kila goli lilipoingia, Nasra aliutoa mpira wavuni mwenyewe, akamwendea beki aliyekaa chini analia, akamwinua, kisha akawapanga wenzake kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Zabibu hakuijua sauti ile. Nyumbani mtoto huyu huongea akitazama sakafu. Ushindi mkubwa alioupikia nyama hakuuona. Alichokiona ni mwanawe akishindwa, na alijikuta amesimama, mtandio umemwangukia mabegani, anajivunia. Timu kubwa huteleza siku moja, akajiambia, na timu ndogo ikaokota bao. Lakini kuinuka mara nne mbele za watu hakuokotwi.

Mechi ilipokwisha Nasra alimjia, tope mpaka masikioni. Alijitahidi kusema Kiswahili, kama afanyavyo akiwa na jambo zito.

"Mama, imeisha. Jumamosi nitakuja meza."

Zabibu akamfuta uso kwa ncha ya mtandio, bila haraka, jicho hili kisha lile.

"Sambusa zitauzwa zitakazouzwa," alisema. "Wewe niambie, mazoezi yanaanza tena lini?"